Harusi kwa Fedha za Chai

Katika nchi ya chai, kuanzia Kericho mjini kupitia Litein na Sotik hadi Bomet, tarehe ya harusi hupangwa na kiwanda. Mkulima mdogo anayepeleka majani mabichi kwenye kiwanda kilicho chini ya KTDA, wakala wa chai ya wakulima wadogo, hulipwa kiasi fulani kila mwezi kulingana na kilo alizopima. Mwaka wa hesabu hufungwa mwisho wa Juni, na yale malipo makubwa tunayoyaita bonasi huingia karibu na Oktoba. Baada ya hapo ndipo kadi za mwaliko huanza kutembea. Novemba na Desemba huwezi kupata Jumamosi iliyo tupu: pesa ziko, watoto wako likizo, ndugu wa Nairobi na Nakuru wamerudi nyumbani, na kila mwenye hema la kukodisha amepandisha bei.

Bonasi hiyo ina wenyewe hata kabla haijatangazwa. Mbolea iliyochukuliwa kwa mkopo hukatwa kwenye malipo. Shule zinafunguliwa Januari na karo haingoji. Kuna deni la Sacco, kuna wachumaji, kuna ng'ombe aliyeugua akatibiwa kwa ahadi. Tena viwanda vya huku kwetu, magharibi ya Bonde la Ufa, kwa miaka mingi vimelipa bonasi ndogo kuliko vile vya Kirinyaga au Meru, jambo ambalo limewakasirisha wakulima wetu mara nyingi na kwa haki. Kwa hiyo mzazi anayeahidi mambo makubwa mwezi wa Julai kwa kutegemea Oktoba anaahidi kitu ambacho hajakiona.

Nayaeleza haya mwanzo kwa sababu mazungumzo mengi kuhusu harusi huanza na rangi na maua. Kwetu harusi ya gharama nafuu huanza na maswali mengine: fedha zipi, za nani, na zitaingia lini.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na ni kifungua mimba. Baba ana eka moja na nusu ya chai karibu na Litein. Babu yangu alizeeka akitazama mashamba ya kampuni za Waingereza yakienea toka miaka ya 1920, wakati ambapo Mwafrika hakuruhusiwa kupanda hata mche mmoja. Ruhusa ilikuja miaka ya 1950, na Mamlaka ya Maendeleo ya Chai, ambayo baadaye iligeuzwa kuwa KTDA ya leo, ikaanzishwa 1964. Baba alipanda miche yake miaka ya sabini. Vichaka hivyo vimetusomesha sisi sote, na dada yetu wa mwisho alipotangaza kwamba amepata mchumba, kijana wa maabara kutoka upande wa Silibwet, Bomet, kila mtu nyumbani alitazama upande wa shamba.

Nikateuliwa mweka hazina wa kamati. Katika kamati ya harusi mweka hazina ndiye anayejua ukweli wote mapema, na ukweli ulikuwa hivi: maharusi walikuwa na akiba ya shilingi 180,000, baba aliahidi 60,000, na makadirio ya kwanza ya kamati yalipita 900,000. Mwenyekiti alisema tofauti hiyo itajazwa na michango. Niliangalia waliokuwa wamekaa pale sebuleni. Walikuwa walimu, wakulima, mmiliki mmoja wa duka la dawa za mifugo na kijana wa bodaboda. Wote walikuwa watu wema, na wote walikuwa wamechangia mazishi mawili mwezi huo.

Kabla ya harusi kuna koito. Asiyetoka Ukalenjini huenda akadhani ni hatua ndogo tu. Ni siku ambayo wazee wa upande wa mume wanafika nyumbani kwa msichana, wanakaa na wazee wa upande wake, wanazungumza ng'ombe mpaka wanaelewana. Nilipokuwa mtoto, koito ilikuwa shughuli ya chumba kimoja. Wazee walikunywa mursik, yaani maziwa ya mgando ya kibuyuni, walibishana kwa adabu, na jua likielekea magharibi wageni walishika njia. Watoto hatukuruhusiwa hata kuchungulia. Siku hizi koito ina mahema, ina sare za kushonwa, ina keki, ina mshereheshaji na vipaza sauti, na msururu wa magari unaoonekana kutoka ng'ambo ya bonde. Nimeona familia zikimaliza fedha za harusi nzima kwenye koito, kisha maharusi wakakaa miaka mitatu wakisubiri fedha nyingine za kanisani. Hakuna kinachokula bajeti kwetu kama hiki, na hakisemwi kwa sababu koito ni jambo la heshima, na mambo ya heshima hayapigiwi hesabu mbele za watu.

Wazo la kutafuta mratibu wa harusi lililetwa na binamu yetu anayeishi Nairobi. Baba mdogo alilipinga papo hapo. "Mwalimu," aliniambia, "tumeoza mabinti wangapi katika boma hili bila kumlipa mtu?" Lilikuwa swali la haki. Kokwet, yaani jirani zetu wa kilima hiki kimoja, wamepika, wamebeba maji, wamejenga vibanda na kuosha sufuria za harusi kwa vizazi. Kumlipa mgeni kwa kazi hiyo kulionekana kama kuwaambia majirani hawatoshi.

Hata hivyo nilipewa ruhusa ya kuulizia. Mratibu wa kwanza niliyezungumza naye alifanya kazi mjini na alitaka asilimia kumi ya matumizi yote. Nilimshukuru nikaachana naye, na ningemshauri mtu yeyote mwenye fedha kidogo afanye vivyo hivyo. Anayelipwa kwa asilimia anapata zaidi kila unapotumia zaidi. Huenda ni mwaminifu kabisa, lakini mkataba wenyewe unamvuta upande usio wako.

Wa pili alikuwa mama wa makamo kutoka Kericho mjini, ambaye kwa miaka mingi alikuwa msimamizi wa jikoni katika shule ya bweni. Alikataa kuzungumza bei kwenye simu. Alikuja na matatu hadi Litein, akapanda bodaboda, akafika akiwa na buti za mvua ndani ya mfuko wa plastiki. Maswali yake ya kwanza yalinifanya nimwamini kabla hajanitajia fedha. Aliuliza ni nani watakaokuja hata wasipoalikwa. Akauliza maji yatatoka wapi. Halafu akatoka nje, akatazama anga juu ya vichaka, akauliza: "Hapa kwenu mvua huanza saa ngapi?"

Aliyekulia Kericho ataelewa swali hilo. Mvua yetu ina mazoea yake. Asubuhi jua linawaka, umande unakauka, mtu wa mbali anadhani siku itakuwa nzuri. Kisha ikipita saa nane mchana mawingu yanashuka, na mara nyingi yanashuka na mawe. Ndiyo inayofanya chai yetu istawi, na ndiyo inayoharibu harusi. Mratibu wa mjini alikuwa amenitumia ratiba yenye chakula saa tisa. Mama huyu alisema chakula kitakuwa saa sita na nusu, na hotuba zote zitakuja baada ya watu kula.

Bei yake ilikuwa shilingi 35,000, isiyobadilika, kwa wiki sita za mwisho na siku yenyewe. Hakutaka kufanya kila kitu. Mapambo, keki na magauni alituachia wenyewe. Hilo nalo sikujua kabla: kwamba unaweza kumwajiri mratibu kwa kipande cha kazi, na kwamba kipande kinachofaa zaidi kulipiwa ni kile cha mwisho, wakati kila mtu wa familia yuko katika hekaheka na hakuna anayejua nani ana ufunguo wa stoo.

Tuliandika makubaliano kwenye ukurasa mmoja. Nusu ya malipo mwanzoni, nusu siku ya pili baada ya harusi. Nilimuuliza waziwazi kama huwa anapata chochote kutoka kwa wenye mahema na wapiga picha anaowaleta. Alisema wapo wanaompa, na kwamba kwetu chochote atakachopewa kitapunguzwa kwenye bei ya familia. Akakubali hilo liandikwe. Swali hilo halina utovu wa adabu, na nimeshangaa jinsi watu wanavyoliogopa. Familia moja ya jirani zetu ilimlipa mratibu fedha zote mapema bila hata karatasi, na asubuhi ya harusi simu yake ilikuwa imezimwa.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuipasua ile bajeti ya laki tisa. Alichukua daftari langu, akachora mstari katikati ya ukurasa. Upande mmoja akaandika vitu ambavyo lazima vinunuliwe kwa pesa. Upande wa pili akaandika vitu ambavyo kokwet inavyo tayari. Kisha akamwita mama na akina shangazi, akaanza kuuliza. Nani ana kuni kavu? Nani anakamua ng'ombe wangapi? Mahindi ya kusaga yako kwa nani? Sufuria kubwa za kanisa zinatunzwa na nani, na je, zina vifuniko? Vibuyu vya mursik vitatoka nyumba zipi, na vitawekwa maziwa lini ili yawe tayari siku hiyo?

Pale ndipo nilipoona kile ambacho kadi za michango hazikuwa zimeonyesha. Mama mmoja wa jirani, mjane, alikuwa akinikwepa njiani tangu tupeleke kadi. Hakuwa na elfu moja. Alipoulizwa kuhusu maziwa alisema ataleta lita kumi jioni na lita kumi asubuhi, na kabeji zilizomo shambani kwake zote. Alisema kwa sauti, mbele ya wenzake, akiwa amekaa wima. Mwingine alitoa kuni za mti mzima wa mkaratusi ulioangushwa na upepo. Kijana wa bodaboda alitoa siku mbili za kubeba watu na mizigo, petroli juu yetu. Upande ule wa ukurasa ulijaa mpaka chini, na hesabu yangu ya fedha taslimu ikashuka kutoka laki tisa hadi chini ya laki tano kabla hatujapunguza mgeni hata mmoja.

Nasisitiza hilo la wageni. Ushauri wa kawaida wa harusi ya bei nafuu ni kupunguza orodha, na katika miji mikubwa huenda ni ushauri mzuri. Huku si hivyo. Jirani aliyechuma chai pamoja na mama yako miaka thelathini haji kwa kadi. Atakuja na wajukuu. Ukimzuia langoni umevunja kitu ambacho bonasi yoyote haiwezi kukirudisha. Mratibu wetu alilijua hilo. Hakuwahi kutuambia tualike watu mia mbili. Alituambia tupange chakula cha watu mia sita na tuache kununua vitu visivyoliwa.

Ukumbi ulituletea mvutano. Dada alikuwa na ndoto ya bustani ya hoteli mjini Kericho. Namwelewa, kwa watu wa rika letu bustani ya Tea Hotel, iliyojengwa na Brooke Bond miaka ya 1950, ilikuwa ndiyo sura ya harusi ya heshima. Lakini bustani inalipiwa, chakula lazima kiwe chao, na kusafirisha watu wa Litein na wa Silibwet hadi Kericho kungemaliza akiba yote ya maharusi. Mratibu alipendekeza uwanja wa shule ya msingi ulio karibu na kanisa. Nilimwendea mwalimu mkuu, naye akakubali kwa sharti kwamba tuache madarasa yakiwa safi. Madarasa hayo ndiyo yaliyotuokoa: mvua ikija, vijana na watoto wangeingia humo, kwa hiyo hatukuhitaji mahema mengi. Dada alipata picha zake Chagaik, kwenye bwawa na ile bustani ya miti iliyopandwa zamani na Mzungu mkulima wa chai, asubuhi ya siku iliyotangulia, bila msururu wa magari. Alinuna siku kadhaa, halafu akakubali. Pande zote mbili zilikubaliana pia kwamba kutakuwa na karamu moja tu. Kwa desturi wangekula kwetu kisha wakala tena kwao Silibwet.

Mkutano ninaoukumbuka kuliko yote ulikuwa wa Jumapili moja alasiri. Baba mdogo alikuja na orodha yake mwenyewe: mahema matano, magari kumi na mawili ya kufanana, na fahali wa pili. Alisoma taratibu, na kila mtu akanyamaza. Lazima nieleze kunyamaza kule. Huyu ndiye mzee aliyeuza ndama kunilipia muhula wangu wa pili chuoni, mwaka ambao baridi iliunguza chai ya baba. Sikuwa na mdomo wa kumwambia hapana. Baba hakuwa nao. Bwana harusi mtarajiwa, aliyekuwa amekaa pembeni karibu na mlango, ndiye asingethubutu kabisa. Kila mmoja wetu pale alikuwa amefungwa na deni la wema, na ndivyo familia zinavyoingia kwenye mikopo ya simu: kwa heshima, kimyakimya.

Mratibu alisubiri amalize. "Mzee, nimekusikia," alisema. "Hema la tatu, naomba unisaidie, watakaa kina nani?" Baba mdogo akataja watu wa ukoo wa mama yake. Akaandika. "La nne?" Wazee wa kanisa. Akaandika, akamuuliza kama wazee wa kanisa hawatakuwa meza ya mbele katika hema la kwanza. Walikuwa. Akafuta. Akaendelea hivyo bila haraka, akimwita mzee kila mara, mpaka wakafika kwenye magari. Hapo akaweka kalamu chini. "Mzee, haya sitayaandika kabla sijaona pesa yake mezani. Nikiyaandika, Mwalimu atakopa."

Sijawahi kusikia mtu akimwambia baba mdogo maneno ya namna hiyo. Alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akauliza chai iko wapi. Wiki iliyofuata alileta pesa taslimu za hema moja, pesa zake mwenyewe, akanikabidhi na kudai risiti. Magari hayakutajwa tena.

Nilielewa siku hiyo tulikuwa tunamlipa mama yule kwa ajili ya nini hasa. Mapambo tungeweza. Kupika tungeweza. Kitu ambacho undugu wetu haukuweza kutupa ni mtu anayeweza kusema hapana mbele ya wazee bila kuvunja chochote, kwa kuwa kesho anapanda matatu kurudi kwake. Sisi tungeyabeba maneno hayo miaka ishirini. Yeye aliyasema kwa adabu, akayaacha pale pale. Kwa harusi ya fedha kidogo, kazi hiyo ina thamani kuliko maua yote.

Ila kazi hiyo inahitaji mtu anayejua pia mahali asipopaswa kugusa. Mazungumzo ya ng'ombe hakuyasogelea. Kuhusu koito alituomba jambo moja tu, kwamba gharama zake ziandikwe kwenye daftari lile lile la harusi, na zijumlishwe pamoja. Zilipoandikwa pamoja, wazee wenyewe waliona. Koito yetu ikawa ya nusu siku, chini ya hema moja, mursik na nyama, bila keki. Ng'ombe walikubaliwa kama wazee walivyoona inafaa, na hata mimi mweka hazina sikuambiwa maneno yalipitaje.

Jikoni mratibu alirudishwa nyuma, na alikubali. Alipanga kuleta vijana wa kugawa chakula, wenye sare, ili foleni iende haraka. Mama akasimama. "Nyama ya binti yangu haigawiwi na mtu nisiyemjua." Maana kugawa nyama ni kujua nani ni nani: nani apewe nini, nani asirukwe, mzee gani hana meno. Mratibu hakubishana. "Sawa mama, hiyo ni yako," alisema, na akabadilisha mpango: mpishi mmoja wa kulipwa kwa ajili ya wali na pilau ya sufuria kubwa, ambayo ikiungua imeungua yote, na akina mama wa kokwet kwa kimyet (ugali wetu), mboga, nyama na mursik. Nimeona waratibu wengine wakiwafukuza akina mama jikoni kwa jina la utaalamu. Harusi hizo huwa na chakula kizuri na majirani walionuna.

Bonasi ilitangazwa. Ilikuwa ndogo kuliko matarajio ya kila mtu, na kelele zilisikika katika vituo vyote vya kupimia majani. Baba alikuwa amefikiria kuchukua mkopo wa Sacco mwezi wa Agosti kwa kuitegemea, tukamsihi asubiri. Alitoa zile elfu sitini zake, akalipa mbolea, akaweka karo ya wajukuu wawili pembeni, akalala usingizi.

Siku ya harusi, vijana walikuwa wamechimba mitaro kuzunguka mahema tangu Ijumaa, na mratibu alikuwa ameagiza magunia ya unga wa mbao kutoka kwa mpasuaji mbao, yakamwagwa langoni na kwenye njia ya bibi harusi. Basi la shule lilitoka Silibwet kabla ya jua. Ibada ilikuwa saa tatu. Saa sita na nusu watu walikuwa wanakula, na mama yuko kwenye nyama, mwiko mkononi, akiita watu kwa majina ya watoto wao. Mvua ilifika wakati wa hotuba ya pili, na mawe yake, ikipiga mabati ya madarasa hata kipaza sauti hakikusikika. Hakuna aliyeondoka na njaa. Mratibu alikuwa kwenye buti zake, amesimama kati ya mahema mawili akiinua turubai kwa ufagio ili maji yaliyotuama yamwagike nje, na hotuba zikakatwa kutoka kumi na moja hadi nne. Baba mdogo alikuwa miongoni mwa wale wanne.

Matumizi yote, pamoja na koito, yalikuwa chini kidogo ya shilingi 430,000. Maharusi hawakuwa na deni. Wenye mahema, muziki na picha walikuwa wamelipwa nusu, na nusu iliyobaki niliituma kwa M-Pesa jioni ile, baada ya mratibu kunipa ishara kwamba kila mmoja ametimiza alichoahidi. Hilo la kushikilia nusu ni muhimu. Mwenye vyombo vya muziki alileta spika moja mbovu, na alipojua kwamba malipo yake bado yako kwenye simu yangu alipata nyingine haraka mno.

Jambo moja nililojifunza kupitia shughuli hii natamani lijulikane kwa upana zaidi. Mchungaji alipokuwa akiwafundisha maharusi, alitueleza kuhusu Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014. Kwa sheria hiyo, ndoa ya kimila ni ndoa kamili sawa na ya kanisani. Pale ambapo mila inadai mahari, sehemu ndogo ikishatolewa inatosha kuthibitisha ndoa, na wanandoa wanatakiwa kumjulisha msajili ndani ya miezi mitatu baada ya kukamilisha taratibu za kimila. Usajili wa ndoa hizi ulianza mwaka 2017. Nikawafikiria wale wote ninaowajua ambao wamefanya koito, wana watoto, na bado wanajiona hawajaoana kwa kuwa hawajapata fedha za gauni na hema. Wake wengi hubaki bila cheti miaka kumi, na mume akifariki ndipo mashamba yanapoanza kugombaniwa. Cheti kinaweza kutangulia karamu. Makanisa mengi pia hufunga ndoa za pamoja, wanandoa wengi siku moja kwa gharama ndogo sana, na sioni aibu yoyote hapo. Bibi yangu aliolewa kimila, akafungwa nyasi za segutiet kifundoni mwa mkono, na ndoa yake ilidumu hadi kifo.

Siku hizi napigiwa simu na watu wanaotaka namba ya mratibu. Kabla sijaitoa huwa nauliza kama tayari wameshakaa na wazee wao, kwa sababu mratibu hawezi kuja badala ya mazungumzo hayo. Nauliza kama koito na harusi ziko kwenye daftari moja. Kisha nawaambia wamwite nyumbani, aone barabara, aone maji, aone jikoni, asitoe bei kwa simu.

Sasa hivi yuko kazini upande wa Bomet, kwa binamu ya shemeji yangu. Familia ilitaka Jumamosi ya mwisho ya Desemba. Amewashawishi waangalie Januari katikati, mahema yakishuka bei na shule zikiwa zimeshafunguliwa na karo kulipwa. Wazee wamekubali mwezi, hawajakubali tarehe. Kuhusu magari bado wanazungumza, na baba mdogo ameombwa aende kama mjumbe wa upande wetu.